Fuata Deni: Nilivyoitafuta Historia ya Duka la Zamani Moshi

Anayetafuta historia ya kanisa, msikiti au shule kongwe ana pa kuanzia. Kuna daftari la ubatizo, kuna jiwe la msingi, kuna barua za wamisionari. Jengo la duka halina mtu aliyekaa chini akaliandikia habari zake. Karatasi zake zote zilizobaki duniani ziliandikwa na mtu aliyekuwa anadai: serikali ikidai kodi na leseni, benki ikidai rehani, forodha ikidai ushuru, mwenye nyumba akidai pango. Nilipolielewa hilo kazi ilianza kusonga, na ndiyo sababu naandika, ili mwenye shida kama yangu asizunguke nilikozunguka.

Jengo lenyewe lipo Moshi mjini, si mbali na soko kuu. Lina duka mbele, baraza pana lenye nguzo, ghorofa moja ya kuishi juu, ua nyuma na godauni mwisho wa ua. Baba yangu alishona barazani pale kwa miaka mingi. Watu wa umri wangu waliokulia Moshi au Arusha wanalikumbuka jambo hili: duka la vitambaa la Mhindi lilikuwa na fundi cherehani nje, mteja ananunua kitambaa ndani, anapimwa nje, jioni anapita kuchukua suruali yake. Baba alipofariki nafasi ya barazani nikaishika mimi. Kisha zikaanza tetesi kwamba jengo litabomolewa pajengwe la kisasa. Wapangaji tukakutana. Mmoja wetu aliyewahi kufanya kazi halmashauri akatuambia wazi kwamba kulia tu hakutasaidia, ipatikane taarifa ya maandishi inayoonyesha jengo hili ni nini na limepitia nini. Nikasema nitaitafuta mimi.

Jambo la kwanza nililoambiwa, na kila mtu, ni kwamba jengo ni la Mjerumani. Moshi ukuta ukiwa mnene na dirisha likiwa na tao, basi ni la Mjerumani. Kwa hiyo ilinibidi kwanza niujue mji wenyewe.

Wajerumani hawakuanzia hapa chini. Boma lao lilikuwa juu, Old Moshi, kwenye nchi ya Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa pale, waliyemnyonga tarehe 2 Machi 1900. Mji huu wa maduka uliletwa na reli. Ujenzi wa reli ulianza Tanga mwaka 1893, ukaenda kwa kusuasua kupitia Korogwe na Mombo, na mwaka 1911 ndipo treni ilipofika hapa uwandani, zaidi ya kilomita 350 kutoka baharini. Stesheni ilipowekwa chini, biashara nayo ikashuka. Moshi tunayoijua ni mtoto wa bandari ya Tanga. Saruji, boriti za chuma, mabati, misumari, vioo, vyote vilishushwa kwenye matishari Tanga, vikapandishwa kwenye mabehewa, vikaletwa huku. Kahawa na ngozi zikarudi kwa njia hiyohiyo.

Vita vya Kwanza vikabadilisha mambo. Waingereza walijenga reli ya kijeshi kutoka Voi kupitia Taveta ikaja kuungana na yetu pale Kahe, na waliuchukua mji wa Moshi Machi 1916. Tangu hapo mfanyabiashara wa Moshi alikuwa na bandari mbili za kuchagua, Tanga na Mombasa. Reli ikafika Arusha mwaka 1929. Njia ya treni ya kuunganisha reli yetu na ile ya kati, kutoka Ruvu hadi Mnyusi, ilikamilika mwaka 1963, baada ya Uhuru. Nayataja haya kwa sababu yanaamua utafute wapi. Mtu akinisimulia kwamba mwenye duka wa miaka ya 1930 alikuwa anaagiza mali yake Dar es Salaam, naweka alama ya kuuliza, maana hapakuwa na reli ya kuileta. Wakala wake alikuwa Tanga au Mombasa, na huenda barua zake zimebaki huko.

Nilianza na watu, na namshauri kila mtu aanze na watu. Jalada lililokaa miaka themanini linaweza kusubiri mwaka mwingine. Mzee wa miaka themanini hawezi. Kulikuwa na mzee mmoja wa Njoro aliyefanya kazi ya uchukuzi kwenye godauni letu ujana wake. Nilimsalimia mara moja tu kwa simu kupitia mjukuu wake, tukapanga niende baada ya mfungo. Hakuumaliza mfungo. Mpaka leo sijapata mtu mwingine wa kunieleza magunia yalikuwa yanaingiaje kule nyuma, nani alikuwa mnyapara wao, walilipwa kwa gunia au kwa siku. Yale yote yamezikwa.

Rafiki wa baba, fundi mwenzake, nilimkuta Pasua. Nilipomwamkia na kumuuliza, "Baba mdogo, jengo lile lilijengwa lini?" akanitazama tu.

"Mwaka mimi siujui, mwanangu. Nilikuta limesimama."

"Wewe ulianza kushona pale lini?"

"Nilianza kahawa ilipokuwa na bei. Watu wa Kibosho na Machame wanashuka na fedha mfukoni, kila mwanaume anataka suti. Tulikuwa tunashona mpaka usiku, karabai imening'inia pale kwenye nguzo."

Hapo sikuhitaji mwaka tena. Bei ya kahawa ilipanda sana mwanzoni mwa miaka ya 1950, kila mtu wa Kilimanjaro anajua. Tangu siku ile niliacha kumuuliza mzee yeyote mwaka. Nauliza: kabla ya KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, au baada yake, na najua ilianza 1933. Kabla ya zile fujo za kahawa za 1937, watu walipovamia maghala? Wakati wa Hitla? Kabla ya Uhuru? Kabla ya Azimio la Arusha, maana yake Februari 1967? Mwaka wa Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yalipofungwa ili yawekwe ya ushirika, yaani 1976, ambao ndio mwaka vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa? Au wakati wa msako wa wahujumu uchumi, serikali ilipowasaka walioficha bidhaa, 1983? Mwenye duka na mshonaji hawasahau mwaka 1983. Ukitaja tu, mtu ananyooka kitini na kuanza kusimulia nani alificha vitambaa wapi.

Ushauri mdogo hapa. Usiende mikono mitupu. Kilo ya sukari na majani ya chai si hongo, ni adabu. Nenda na picha ya jengo, hata iliyopigwa kwa simu, ukaichapishe kwenye karatasi kubwa, kwa sababu mzee akiiona anaanza kukuonyesha kwa kidole: hapa palikuwa na mlango, hapa tulikuwa tunapanga foleni. Omba ruhusa ya kurekodi. Jioni ileile hamishia sauti mahali pa pili. Na uwatafute akina mama. Bibi mmoja wa Uru ndiye aliyenifungulia mlango mkubwa kuliko wazee wote wanaume, kwa kusema jambo ambalo kwake lilikuwa la kawaida kabisa: "Tulikuwa tunakopa. Khanga unachukua leo, unalipa msimu wa kahawa. Anaandika kwenye kitabu chake chekundu, kwa maandishi yao."

Kumbe kulikuwa na daftari.

Baadaye nilijifunza kwa nini daftari hilo ni la thamani. Serikali ya Waingereza ilikuwa na sheria ya kubana mikopo ya wafanyabiashara wasio Waafrika kwa Waafrika. Deni ambalo halikuandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali halikuweza kudaiwa mahakamani. Wenye maduka hawakuacha kukopesha kwa sababu hiyo, walikopesha kwa kuaminiana. Ndiyo maana ukisoma majalada ya mahakama na ya serikali unaweza kudhani mteja wa Kichagga hakuwahi kukanyaga duka hilo. Deni lake halikufika ofisini. Lilibaki kwenye kitabu chekundu na kichwani mwa bibi wa Uru.

Kabla ya kwenda ofisi yoyote nililikagua jengo pamoja na fundi mwashi mzee, mtu aliyekwisha kurekebisha nyumba nyingi za namna hiyo. Siku hiyo ilinilipa kuliko nyingine zote, na sikutumia zaidi ya ujira wake na chakula cha mchana. Alinionyesha kwamba kuta za chini ni za mawe ya volkeno yaliyounganishwa kwa chokaa, na kwamba plasta ya saruji iliyopakwa juu yake miaka ya karibuni ndiyo inayouua ukuta. Ukuta wa chokaa unapumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini unatokea usoni na kukauka. Ukiuziba kwa saruji, unyevu unabaki ndani, plasta inabambuka na mawe yanaanza kulegea. Kama unatunza jengo la namna hii, tafadhali mwambie fundi wako atumie chokaa.

Kule godauni akapanda ngazi, akafuta vumbi kwenye boriti ya chuma, akaniita. Herufi zilikuwa zimeinuka kwenye chuma chenyewe: Dorman Long, Middlesbrough, England. Viwanda vya chuma vilikuwa vinaweka majina yao wakati wa kuviringisha boriti. Vigae vya paa la nyuma navyo vilikuwa na muhuri wa Mangalore, kule India. Boriti ya Kiingereza kwenye jengo linaloitwa la Mjerumani! Lakini fundi akanituliza. Boriti inaweza kuwekwa baadaye, akasema, godauni linaweza kuwa dogo kwa umri kuliko duka. Kwa hiyo alama hizo zinakuambia jengo haliwezi kuwa kongwe kuliko nini, hazikupi tarehe ya kuzaliwa. Zipige picha zote, pamoja na bawaba, makomeo, vigae vya sakafuni na muundo wa madirisha. Zipige mapema.

Kisha ndipo nikaingia kwenye karatasi.

Mambo ya ardhi yanatisha watu, na yana sababu ya kutisha. Ukitokea ofisini na kuuliza habari za kiwanja kisicho chako, wa kwanza kukuona anadhani unatengeneza kesi. "Wewe ni mrithi?" niliulizwa, na siwezi kumlaumu aliyeuliza. Nilirudi na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, na yangu mwenyewe ya nusu ukurasa inayosema: natafuta historia ya jengo, sidai umiliki, simwakilishi mtu anayedai umiliki. Sentensi hiyo iandike waziwazi na uiweke juu kabisa. Itakufaa ofisini, itakufaa kwa mwenye jengo wa sasa, na itakufaa zaidi kwa familia ya mwenye jengo wa zamani.

Jambo la pili ni namba. Majina ya mitaa ya mjini yalibadilika, baadhi zaidi ya mara moja, kwa hiyo anuani ya zamani ukiipeleka vile ilivyo inaweza kukupeleka jengo la jirani. Namba ya kiwanja na kitalu ndiyo inayodumu, ingawa nayo hubadilika eneo likipimwa upya. Hati za zamani zina namba ya L.O. (ya ofisi ya ardhi) na ya C.T. (ya hati ya umiliki) pembeni, ukipata karatasi yoyote yenye namba hizo, hata risiti ya kodi ya ardhi iliyochanika, itunze kama hati yenyewe. Niliambiwa jalada halionekani. Nikaondoka nimevunjika moyo. Mpangaji mwenzetu mmoja, mama wa duka la madawa, akakumbuka kwamba marehemu mume wake aliacha bahasha ya risiti za zamani. Ndani kulikuwa na namba ya zamani. Nilipoirudisha masijala, jalada likaonekana. Lilikuwa limehifadhiwa kwa namba hiyo muda wote.

Ada ya upekuzi haikuniumiza. Kilichokula fedha ni nauli, nakala, na siku za kazi zilizopotea, maana cherehani isipoendeshwa haileti unga nyumbani. Mwenye biashara ndogo alipange hilo kabla ya kuanza, akubaliane na wenzake wachangie. Mimi wapangaji walinichangia kwa shida, na palikuwa na maneno.

Sasa, lile jalada. Kiwanja kweli kilikuwa cha Mjerumani. Baada ya vita mali za Wajerumani zilishikwa na serikali kama mali za adui, zikawekwa chini ya msimamizi maalumu, zikanadiwa. Mashamba na viwanja vingi vya kaskazini vilikwenda kwa Wahindi na Wagiriki kwa njia hiyo. Chetu kikanunuliwa na mfanyabiashara wa Kihindi. Kufikia hapo nilikuwa bado sijui nyumba ilijengwa na nani. Jibu likaja kwenye ukurasa wa rehani. Mwishoni mwa miaka ya 1920, siku zile reli inasukumwa kuelekea Arusha na kila mtu anaamini Moshi itakuwa kubwa, mnunuzi yule aliweka kiwanja rehani akakopa fedha za kutosha kujengea. Kabla ya hapo kodi ilikuwa inatozwa kwa kiwanja kama kitupu. Baada ya hapo kinatajwa kwa jengo lake. Hakuna mtu aliyeandika "leo tumelimaliza jengo." Benki iliandika nani anadaiwa.

Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi nikiwa na karatasi zangu, nikahisi kama nimemwona mtu. Alikopa siku za matumaini, halafu dunia ikaporomoka, bei ya kahawa ikaanguka miaka ya 1930 na wateja wake wakakosa fedha. Rehani ile ilichukua muda mrefu kufutwa. Ndipo nikaelewa kwa nini ghorofa ya juu ina madirisha ya aina mbili tofauti: aliishiwa katikati, akamalizia baadaye. Hili la madirisha ni hoja yangu, wala sijalikuta kwenye karatasi, na kwenye taarifa nimeliandika hivyo.

Dar es Salaam nilikwenda kwa ajili ya Nyaraka za Taifa, pale Upanga. Ukienda, uliza mapema kwa barua masharti ya watafiti, nenda na kitambulisho na utambulisho wako, beba penseli, fika asubuhi. Majalada ya enzi ya Wajerumani yapo, lakini mengi yameandikwa kwa mkono wa kizamani ambao hata anayejua Kijerumani cha leo unamshinda. Tafuta mtu aliyejifunza kuusoma mwandiko huo kabla hujalipia nakala. Na ukitafuta kwenye orodha zao, andika Moschi na Aruscha, ndivyo walivyoandika wao. Kwa kipindi cha Waingereza, anza na kitabu cha wilaya, kile ambacho maofisa walikuwa wanajaza habari za eneo lao. Kisha pitia Gazeti la Serikali. Linachosha macho, ila ndani yake kuna matangazo ya mirathi, ya waliofilisika na ya viwanja. Yaani madeni tena. Majina ya Wahindi yaandike kwa tahajia zote unazoweza kufikiria, maana karani mmoja aliandika hivi na mwingine vile, na duka la "Bros." linaweza kugeuka "& Sons" bila mlango kubadilika. Sanduku la posta lilinisaidia sana hapo. Jina la duka lilibadilika, namba ya sanduku haikubadilika, na kwa kuifuata kwenye vitabu vya zamani vya simu niliunganisha majina ambayo nilidhani ni ya watu tofauti.

Lililobaki ni mwaka 1971, na hapo palitaka moyo.

Aprili mwaka huo Bunge lilipitisha sheria ya kutwaa majengo. Jengo lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambalo mwenyewe halikai lote peke yake, amelipangisha, liliweza kuchukuliwa na serikali. Fidia ilihesabiwa kwa umri: lililopita miaka kumi halikulipwa kitu. Duka letu lilikuwa limepita miaka kumi zamani sana. Likawa chini ya Msajili wa Majumba, ofisi iliyokuja kuunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990, na baadaye likapita mikono mingine hadi mwenyewe wa sasa. Kwenye daftari jambo lile lote ni mstari mmoja na mhuri.

Mzee mmoja wa jumuiya ya Wahindi hapa Moshi, baada ya kunipima kwa muda, alinipa namba ya binti wa familia ile, sasa ni bibi, yuko Uingereza. Nilimpigia kwa WhatsApp. Swali lake la kwanza, kwa Kiswahili cha Moshi kisicho na kutu, lilikuwa: "Unataka nini na ile nyumba?" Nikamsomea ile sentensi yangu. Akanyamaza. Sikugusa 1971. Nilimuuliza chumba chake kilikuwa upande gani, akasema upande wa mlima, asubuhi kabla ya mawingu Kibo kinaonekana chote. Nilimuuliza walikuwa wanakula nini Jumapili. Nilimuuliza habari za barazani. Ndipo akasema palikuwa na fundi mmoja mrefu, mpole, aliyemshonea sare za shule na kumwekea mfuko wa siri wa peremende, baba yake asiuone. Nikamwambia, bibi, huyo alikuwa baba yangu.

Tulilia wote wawili, siyo siri.

Habari za 1971 alizileta mwenyewe, siku nyingine, bila kuulizwa. Alisema baba yake alishuka chini asubuhi akafungua duka kama kawaida, sasa akiwa mpangaji kwenye nyumba aliyojengewa na baba yake, akalipa pango kwa muda, kisha wakaondoka mmojammoja. Nilimsikiliza. Mimi ni mtoto wa fundi aliyelipia nafasi ya baraza kila mwezi wala hakuwahi kumiliki tofali, na wapo wengi Moshi wanaokumbuka siku ile kama siku ya haki. Yote mawili nimeyaandika kwenye taarifa, kila moja kwa maneno ya aliyesema. Ukifika kwenye jambo la namna hii usijaribu kuwapatanisha watu ndani ya maandishi yako. Waache waseme.

Na kile kitabu chekundu? Kimoja kimebaki, anacho yeye. Ndugu yake alinitumia picha za kurasa. Mzee yule wa hapa Moshi akanisomea Kigujarati chake: jina, kijiji, kitambaa, kiasi. Kibosho. Uru. Marangu. Baadhi ya madeni yamekatwa kwa mstari, mengine hayajakatwa. Nilipomwambia bibi wa Uru kwamba jina la marehemu mama yake limo na limekatwa mstari, alifurahi kupita kiasi. "Nilijua alilipa," akasema.

Taarifa niliifunga kwa kurasa chache tu, pamoja na picha na mchoro. Jambo moja naomba wengine walijue kabla ya kujenga matumaini: jengo halilindwi kwa sababu tu ni la zamani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo, lakini jengo la biashara la enzi ya ukoloni linahitaji kutangazwa na waziri kwenye Gazeti la Serikali ndipo lipate ulinzi huo, na majengo kama letu mengi hayajatangazwa. Kwa hiyo taarifa yetu haikuwa ngao ya kisheria. Ilikuwa kitu cha kuweka mezani tulipokaa na mwenye jengo, na hapo ilifanya kazi. Alisoma habari ya rehani, akauliza maswali mengi, akasema hakuwa anajua. Mbele ya jengo itabaki, pamoja na baraza. Godauni la nyuma limebomolewa. Boriti ya Middlesbrough ilikatwa vipande ikauzwa chuma chakavu kabla sijafika, na ninaumia kila nikikumbuka. Zimebaki picha.

Nakala za taarifa ziko kwa mwenye jengo, kwa wapangaji, kwa bibi kule Uingereza, na moja nimeipeleka maktaba ya mkoa hapa Moshi.

Bado sina majina ya waashi. Hawakumdai mtu kwa maandishi, walilipwa mkononi wakaondoka, kwa hiyo hakuna jalada linalowataja. Baba mdogo wa Pasua anasema alisikia kwamba waliochonga yale matao ya mbele walikuja na treni kutoka Tanga na baadhi yao hawakurudi, walioa hapahapa. Kama ni kweli, wajukuu wao wapo, Majengo au Njoro. Nimeshatoa picha za matao kwenye karatasi kubwa, na Jumamosi baada ya kufunga kazi naanza kupita nyumba za wazee kule.